Pua ya Mzee Wauta

Mwezi uliopita nilikwenda Bunju kumzika mtu ambaye sikuwa nimezungumza naye kwa miaka ishirini na tatu. Habari za kifo chake nilizipata kwa mtu aliyezipata kwa mtu, nikajifunga kitenge changu cha misiba na kwenda bila kumwambia yeyote. Pale msibani sikumjua hata mmoja. Nilikaa safu ya nyuma kwenye kiti cha plastiki, nikala pilau niliyopewa, nikasikiliza watu wakimsifu Mzee Wauta, Mbelgiji aliyechimba visima Singida na Dodoma mpaka akasahau kurudi kwao. Walipochoka kumsifu kwa visima wakaanza kumsifu kwa bia. Mwanamke mmoja wa makamo alipita na sinia la glasi ndogo, akisema hii ni bia aliyoitengeneza marehemu kwa mkono wake, anywaye anywe na asiyekunywa atusamehe. Nikachukua moja. Povu lilikuwa jeupe na zito, halikuwa na haraka ya kuondoka. Rangi yake ilikuwa ya majani makavu, na ukungu kidogo ndani yake. Nikanusa: pilipili manga, ganda la chungwa lililoanikwa juani, na nyuma yake harufu ya zizi safi. Nikanywa, ikapita ulimini kali na nyepesi, ikaishia pakavu, na mdomo ukataka tena. Haikuwa na kosa. Nikamuuliza yule mwanamke ni nani aliyekuwa akimwonjea. "Mimi, mama," akasema. "Mwenyewe alikuwa hasikii harufu. Kwani wewe, huyu mzee ulimjuaje?" Nikamjibu nilimfanyia kazi zamani. Sikusema kazi gani. Kwa umri huu nilidhani wivu umenitoka siku nyingi, kumbe ulikuwa umelala tu. Niliiweka glasi chini ikiwa nusu, nikaondoka bila kuaga.

Habari za ukoo wangu sitazieleza hapa. Waliozaliwa Marangu wanafanana, na asiyewajua akamuulize yeyote mwenye duka. Itoshe kusema kwamba mwaka nilioanza kumfanyia kazi nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilikuwa Chang'ombe, kwenye chumba kimoja cha nyumba ya Bi Zuhura, mjane wa Kizaramo aliyezaliwa palepale na hakuwahi kuona sababu ya kuhama. Nyumba ilikuwa ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, ukumbi mrefu katikati, na kuta ambazo hazikufika juu kwenye paa. Kwa hiyo kila mtu alisikia habari za kila mtu. Nilijua nani amegombana na nani, nani anakohoa, nani anasali alfajiri na nani anajifanya amelala. Nilijua pia ladha ya kula peke yangu. Nilikuwa napika wali wa kikombe kimoja na maharage ya jana, nasogeza kiti karibu na mlango ili nionekane ninapumzika, na nakula nikitazama ukumbi. Kazini tulikuwa wanawake tisa tukichagua na kufungasha viungo, na wenzangu wote walikuwa na watoto wa kukimbilia ikifika saa kumi. Mimi nilikuwa natembea polepole ili njia iwe ndefu. Zilikuwepo wiki ambazo kutoka Jumamosi mchana hadi Jumatatu asubuhi sikutamka neno zaidi ya shikamoo. Siku moja nilimsikia Bi Zuhura, upande wa pili wa ukuta, akimwambia jirani yake: "Yule mtoto wa Kichaga mie ananitia huruma. Hana hata mtu wa kumgongea mlango." Nilikuwa nimeshika kijiko. Nikakaa nacho hivyohivyo mpaka jirani alipoondoka, maana ningekigonga kwenye sahani wangejua nimesikia.

Mzee Wauta alitokea kazini kwetu mwezi wa Machi, amelowa mvua, akitaka giligilani. Jina lake halisi lilikuwa na herufi zinazogongana, na mtaa mzima ulikwisha kuamua kwamba yeye ni Wauta, naye alikubali. Alikuwa mrefu, mwekundu masikioni, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha msimamizi wetu. Msimamizi akamwekea viganja vitatu vya giligilani juu ya gazeti, achague. Mzee akazitazama tu kama mtu anayesubiri zimsalimie. Mimi, kwa kiherehere cha mtu ambaye hajaongea siku nyingi, nikasema: "Shikamoo Mzee. Usichukue hiyo ya kati, ni ya mwaka juzi. Na ya kushoto ililala karibu na sabuni." Akasema marahaba, kisha akanitazama. "Umejuaje?" Nikamwambia zinanukia hivyo. "Zote?" "Kila moja na yake." Akachukua ile ya kulia, akalipa, akafika mlangoni, akarudi. Aliniuliza kama Jumamosi mchana nina kazi nyingine. Nilikuwa nimejiandaa kusema nina shughuli nyingi, lakini ulimi ulinisaliti ukasema sina.

Uwanja wake ulikuwa mitaa miwili tu kutoka kwa Bi Zuhura, nyuma ya gereji, mahali alipokuwa akitengenezea pampu za maji enzi zake. Pampu zilikwisha kuondoka na masufuria yakaingia: sufuria mbili kubwa za kupikia shuleni, mapipa ya plastiki yenye vifuniko, mpira mrefu wa kunyonyea bia, na chupa za kahawia zimepangwa ukutani, shingo chini. Aliniketisha kwenye meza ya mbao chini ya bati, akanieleza jambo lake bila kuzungukazunguka. Miaka miwili kabla ya hapo alianguka kutoka kwenye mnara wa tangi, akapiga kisogo, na alipoamka harufu zote zilikuwa zimekwenda. Ulimi wake ulibaki na chumvi, sukari, uchungu na uchachu, basi. Chai ilikuwa maji ya moto. Mke wake Mnyaturu alikuwa amefariki, na alisema kinachomuuma kuliko vyote ni kwamba nguo za marehemu zilikuwa bado sandukuni na hazimwambii kitu. Sasa alikuwa anazeeka, na alitaka kitu kimoja. Kwao, baba yake alikuwa akipika bia wakati wa baridi, wakati mashamba yamelala, ili vibarua wapate cha kunywa kiangazi cha mavuno. Kila shamba lilikuwa na yake. Baba alikufa bila kuandika chochote, na bia ikafa naye. Waliobaki duniani walioijua ni wawili: yeye, ambaye pua yake ilikufa, na dada yake mkubwa, Liva, ambaye angekuja Krismasi kumwona kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, na kwa umri wake haingekuwepo mara ya pili. "Nataka anywe glasi moja aniambie kama ni ya baba," alisema. "Lakini siwezi kupika chungu nisichokisikia. Nakuomba uwe pua yangu."

Ndiyo ikawa kazi. Kila Jumamosi saa nane mimi nilionja na kusema, yeye aliandika. Mwanzoni tulipishana kama watu wa vijiji viwili. Aliniambia nitafute nyasi za mwezi wa saba, na mimi nyasi za kwao ningezijulia wapi? Nikamwambia sizijui nyasi zako, ila najua majani tunayowabebea ng'ombe kutoka tambarare, yakilazwa siku tatu nyuma ya nyumba: siku ya kwanza yananukia maji, ya pili yananukia tango, ya tatu yananukia kama chai ambayo bado haijatiwa maji. Akaacha kalamu. "Ya tatu," akasema. "Hiyo hiyo. Endelea." Tukaendelea. Bia ya kwanza ilikuwa tamu na nzito, ina ndizi mbivu mbele na uji nyuma. Nikasema hii ni ya kumnywesha mzazi aliyetoka kujifungua. Akacheka mpaka akakohoa, lakini akaandika. Ya pili chachu ililala. Ilikuwa Julai, kile kibaridi chetu kidogo, na akanieleza kwamba chachu ya shamba inapenda joto ambalo lingeziua chachu nyingine; ikipoa tu, inaacha kazi katikati kama fundi aliyelipwa kabla. Tulilizungushia pipa mablanketi, tukalisogeza kwenye ukuta unaopigwa jua, tukalikagua kila Jumamosi mpaka likaanza tena kutoa mapovu. Ya tatu alizidisha giligilani, ikanukia bafu la wageni. Ya nne ndiyo iliyotutia wazimu. Ilikuwa na pilipili manga bila kuwasha, ganda la chungwa, vumbi la njia mvua ikidondoka tone la kwanza, na ile siku ya tatu ya majani; ilikosa ukavu wa mwisho tu. "Bado kidogo inashikilia ulimi," nilimwambia. "Haiachii." Akapiga meza kwa kiganja. Mapishi yanayofuata, alisema, ndiyo atakayomnywesha Liva. Kimea chake kilitoka ng'ambo kwa taabu, na kilichobaki kilitosha mapishi mawili.

Naona lazima nieleze jambo moja la kwetu, maana ndilo lililonihukumu. Uchagani mwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, ndiye anayeonja kwanza. Anachota kwa kata, anakunywa mbele ya mgeni, ndipo anampa. Watu wa mjini hudhani ni mambo ya sumu ya zamani, na kweli yalikuwemo, lakini maana yake ni pana kuliko hapo. Ukishakunywa na kumpa mtu, umejidhamini. Chungu kikiharibika, unakimwaga kabla kata haijamfikia mtu, na hakuna anayekulaumu. Nilimsimulia Mzee Wauta habari hii Jumamosi moja tukiwa tunakula viazi vya kuchemsha na siagi, chakula alichokipika kila wiki kwa imani kwamba nakipenda. Akaipenda sana. Tangu siku ile hakutumia glasi mbili. Alimimina moja, akanisogezea, mimi nikanywa na kusema, kisha nikampa, naye akanywa palepale nilipoishia. Alinywa akiwa amefumba macho. Ulimi ulimpa ukali na ukavu, na mengine yote aliyapata kwenye maneno yangu. Hakuna mtu aliyewahi kunisikiliza hivyo kabla yake, wala baada yake, na nimeolewa mara mbili. Kutoka Jumatatu hadi Ijumaa nilikuwa nakusanya maneno. Nilinusa mifuko ya kazini, nikanusa mvua, nikanusa kanga za Bi Zuhura kwenye kamba. Bi Zuhura naye alikuwa akininusa mimi. "Mwanangu, umerudi na harufu zako," alikuwa akisema mlangoni. "Mie sikusemi, kila mtu na kaburi lake. Ila chupa humu usilete, nyumba hii inaswaliwa." Kisha alinipa kipande cha mkate wa kumimina kwenye karatasi, na kwa mara ya kwanza tangu nihamie pale nilikuwa na jambo la kumsimulia mtu.

Mvua za vuli zilikuja na kipindupindu. Hakikutufikia nyumbani, lakini kilizungumzwa kila ukumbi, na kila ndoo ya maji ilitiwa dawa ya klorini. Bi Zuhura alisimamia zoezi hilo kama mkuu wa kambi. "Kuchemsha peke yake hakutoshi," alisema, "tia na kifuniko kimoja cha dawa, kama una wasiwasi, tia viwili." Siku hizohizo ilikuwa zamu ya kuosha chupa za mapishi ya tano. Mzee alikuwa amekwisha kuniambia, tena si mara moja: chupa zisuuzwe kwa maji yaliyochemshwa tu, si sabuni, si kitu kingine. Siku ile alikwenda kutafuta vizibo, akaniachia sufuria ya maji yanayopoa. Nilimfikiria yule mzee, peke yake nyuma ya gereji, akinywa kutoka chupa zile katikati ya ugonjwa. Nikatoa kichupa cha dawa mfukoni, maana siku hizo tulitembea nacho, nikatia vifuniko viwili, kisha kwa mapenzi nikaongeza cha tatu. Nikasuuza chupa zote. Sikumwambia, kwa sababu sikuona kama ni kitu cha kusema. Nani anatangaza kwamba ametia dawa kwenye maji?

Baada ya wiki mbili tukafungua ya kwanza. Ilikuwa katikati ya Novemba. Kabla ya kuifungua Mzee aliniambia, na maneno haya ninayo kichwani neno kwa neno: "Ikiwa imeharibika, bado tuna kimea cha mara moja na wiki sita. Zinatosha, lakini lazima tujue leo." Kizibo kikatoka kwa mlio mzuri. Povu jeupe likapanda. Rangi ilikuwa ileile niliyokuwa nikiiota. Nikasogeza pua, nikasikia zahanati. Plasta. Dawa ya kidonda. Mpira wa glovu. Chini kabisa, mbali, majani ya siku ya tatu yalikuwepo yakilia chini ya bendeji. Nilijua papo hapo ilikotoka; ile ilikuwa dawa ya ndoo yangu ya chumbani, imekutana na bia ikazaa kitu kibaya kuliko vyote viwili. Nikanywa, ili nipate muda. Mzee alikuwa ameshika kalamu. "Ndeshi?" akaniita kwa jina.

Nimekuwa na miaka mingi ya kutafuta sababu nzuri. Naweza kusema nililelewa hivyo, kwamba mtoto hamwambii mzee chungu chako kimeharibika. Anasema kimekomaa kidogo, na mzee mwenye akili anaelewa. Naweza kusema niliona aibu, kwa kuwa kosa lilikuwa langu na alikuwa amenikataza. Yote mawili ni kweli. Lakini nilichokiona pale mezani kilikuwa Jumamosi bila mlango wa kwenda kugonga. Niliona atanitazama, atafunga daftari, ataniambia kwa upole nisije tena, na mimi nitarudi kwenye kiti changu cha karibu na mlango na wali wa kikombe kimoja. Nikasema: "Ni nzuri, Mzee." Akauliza, nyasi? Zipo. Pilipili? Ipo. Inaachia ulimi? Inaachia. Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Kisha nikainua glasi niliyokuwa nimeionja, nikampa. Akanywa amefumba macho, na uso wake ukafanya kitu ambacho sikuwahi kukiona, ukawa wa mtoto. "Hii ndiyo," akasema. Akapika mayai juu ya viazi siku ile kwa sherehe.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya wiki saba, na niliipita yote kwa miguu. Kila Jumamosi nilifungua moyo kusema, na kila Jumamosi alikuwa na furaha zaidi, na wiki zilizobaki zilikuwa pungufu. Zikabaki tano. Zikabaki nne, na hapo hata ningesema isingesaidia kitu, kwa hiyo nikajiambia sasa hakuna haja ya kusema. Nilifungua chupa nyingine kwa siri nikitumaini harufu imezeeka ikafa. Ilikuwa imekua. Siku hizo ndipo nilipojua kwamba kuna upweke mbaya kuliko ule wa chumbani: kukaa mezani na mtu anayekuamini.

Liva alifika tarehe ishirini na mbili Desemba, mwanamke mdogo mkavu mwenye fimbo, na siku ya Krismasi nikaalikwa mchana. Mzee alitandika kitambaa mezani, akapika kuku kwa vitunguu na kimea, akavaa shati lililopigwa pasi. Walizungumza lugha yao, mimi nikatabasamu pale walipotabasamu. Ikaja chupa. Mzee akaeleza desturi yetu, kwa mikono na kwa lugha yao, kisha akanisogezea glasi. Nikaonja mbele yao wote wawili. Nikampa yule mama. Alinusa, na nikaona mkono wake unasimama. Hakumtazama mdogo wake. Alinitazama mimi, juu ya ukingo wa glasi, muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu. Kisha akanywa yote, akaweka glasi chini, akasema kwa lugha yao neno moja fupi ambalo halikuhitaji mkalimani. Mzee Wauta akaweka uso kwenye viganja vyake akalia, na dada yake akampapasa kisogo, palepale alipoangukia.

Tulikutana kwenye beseni la vyombo. Alikuwa na Kiingereza kidogo, mimi nilikuwa na cha sekondari. Akaniuliza, anajua? Nikatikisa kichwa kukataa. Wewe ulijua? Nikasema ndiyo. Alisuuza glasi moja kwa muda mrefu. Akasema kwao alikuwa chini ya uangalizi wa daktari, na hii ilikuwa safari yake ya mwisho ya mbali. Akasema harufu ya baba ilikuwemo mle ndani, kidogo sana, aliisikia kama mtu anayeita kutoka chumba kingine. Kisha akanikausha mikono kwa taulo, kama mtoto, akasema: "Mimi naondoka. Wewe unabaki. Mwambie." Alifariki kabla ya Pasaka, nilisikia baadaye, kwa watu wa gereji. Hata ile bia ya Bunju, nzuri kiasi kile, hakuna tena mtu duniani wa kusema kama ndiyo au siyo. Kwa hiyo msinipe moyo. Kulikuwa na kimea, kulikuwa na wiki sita, kulikuwa na dada mmoja mwenye pua nzima.

Nilimwambia Jumamosi ya kwanza ya Januari, saa nane na dakika chache, kabla sijakaa. Nilimwambia yote: dawa, vifuniko vitatu, Novemba, chupa ya siri. Nilitegemea atapiga meza. Nje mafundi wa gereji walikuwa wakigonga bati, naye akauliza jambo ambalo sikulitegemea. "Na Liva?" Nikasema alijua. Akaitikia kwa kichwa taratibu, mara nyingi. "Dada yangu alidanganya kwa ajili yangu," akasema. "Wewe ulidanganya kwa ajili yako." Nikasema, nikilia sasa, kwamba niliogopa kubaki peke yangu. "Na mimi niko peke yangu, Ndeshi," akasema. "Ndiyo maana nilitafuta mtu wa kuniambia kweli."

Akainuka, akaleta chupa, akaifungua, akamimina glasi moja. Akavaa miwani na kufungua daftari ukurasa mpya. "Sasa sema," akasema, "inanukaje?" Nikaipeleka puani na kumwambia. Plasta mpya ikitolewa kwenye karatasi yake. Dawa ya kidonda, ile ya njano. Mpira. Nyuma, ukivuta pumzi taratibu, pilipili manga, lakini imechoka. Ganda la chungwa halipo. Majani yapo, ya siku ya tatu, yako chini kabisa, mtu asiyeyajua hawezi kuyaona. Ulimini ni kavu na safi, inaachia. Mwisho wake ni hospitali. Aliandika kila neno, akaniuliza "halafu?" kila nilipotua, mpaka sikuwa na la kuongeza. Hiyo ndiyo kazi bora niliyopata kuifanya kwenye meza ile. Nilikishika kile kinywaji mkononi na sikumpa. Yeye mwenyewe alinyoosha mkono akakichukua, akanywa akiwa ameyafumbua macho, akitazama ukuta wa chupa.

"Asante," akasema. "Tangu Novemba, hii ndiyo bia ya kwanza ninayoionja."

Akafunika kalamu. Hakuniambia nije wala nisije. Aliniomba tu nikitoka nifunge geti, kwa sababu mbuzi wa jirani huwa wanaingia. Nikalifunga kwa nje, nikajaribu komeo mara mbili, nikasimama pale barabarani mchana kweupe, na sikuwa na pa kwenda.